Mtoto ametupangia nchi 6 kwa siku 13, mimi namtamani mdogo wangu tu

BARUA

Mshauri, salaam kutoka Moshi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 61. Tunaishi Kiboriloni, mimi na mume wangu mwenye miaka 68, pamoja na migomba yetu na kuku. Watoto wetu ni wanne na kila mmoja ana maisha yake. Kifungua mimba yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri, na ndiye chanzo cha barua hii ingawa sioni kosa lake.

Krismasi iliyopita nyumba ilijaa, unajua Desemba huku kwetu ilivyo. Baada ya kula, kijana akasimama akasema ana zawadi ya wazazi. Akatoa karatasi, steshenari wameivalisha nailoni ngumu, juu imeandikwa kwa rangi: SAFARI YA ULAYA YA BABA NA MAMA. Vigelegele vikapigwa. Mawifi zangu wakaipiga picha ile karatasi. Ndani yake: Amsterdam siku 2, Brussels 1, Paris 2, Zurich 1, Milan 1, Venice 1, Roma 2, halafu Munich siku 3 kwa mdogo wangu, ndipo turudi. Ni mwezi wa sita mwaka huu. Yeye haji, atatuongoza kwa simu. Karatasi sasa iko ukutani, kando ya kalenda ya kanisa.

Mdogo wangu ameolewa huko Ujerumani mwaka wa 19 sasa. Mara ya mwisho kumwona kwa macho ni 2017 tulipomzika mama. Tukiongea kwa video wakati wa baridi husogeza simu dirishani anionyeshe theluji, anacheka. Mimi naamka kila siku naiangalia Kibo ikiwa nyeupe, na sijawahi kuigusa theluji hata kwa kidole.

Kila nikiisoma ile karatasi nachoka. Goti langu la kulia halipendi ngazi. Lakini nitamwambiaje? Amejinyima. Anasema, "Mama, ukishafika lazima uone vyote, hutarudi tena." Sasa anataka kuongeza London kwa kuwa iko karibu. Anasema viza tutaomba kwa Waholanzi kwa sababu ndiko tutakakotua, na kwamba ataingiza milioni 15 kwenye akaunti yangu kabla ya kuomba ili ionekane vizuri.

La pili ni mume wangu. Siku ile alipiga makofi kama wengine. Usiku akaniambia, "Nendeni nyie." Nikimuuliza sababu, anasema nani atalinda nyumba. Lakini siku hizi hataki kwenda popote. Msiba wa Same hakwenda. Harusi ya Dar mwaka jana hakwenda, akasema mabasi ya sasa hayasimami njiani. Usiku halali vizuri, namsikia akifungua mlango mara tatu, mara nne. Nadhani anaogopa ndege. Au hajamsamehe shemeji yake Mjerumani, maana mahari ile ilikuwa na mapungufu na yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo.

La tatu ni wenzangu wa kikoba. Wameshaniagiza picha nikiwa chini ya mnara wa Paris. Nilipomwambia mmoja kwamba mimi ningeridhika kukaa tu na mdogo wangu, akasema kwenda Ulaya kukaa sebuleni kwa ndugu ni sawa na kwenda Boma Ng'ombe. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani iliniuma.

Je, nimwambie mwanangu ukweli, au ninyamaze nipokee zawadi kama ilivyo? Na samahani kwa swali dogo: mdogo wangu ameagiza ndizi mshare na nyama ya kukausha. Vinaruhusiwa?

Mwalimu wa Kiboriloni

JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya kila kitu ulichokieleza kwa macho yako mwenyewe. Paris umeitaja mara mbili, zote kwa mdomo wa watu wengine. Roma, Venice, Amsterdam ni majina kwenye orodha. Lakini dirisha la mdogo wako nimeliona, na theluji nimeiona, na kicheko chake nimekisikia. Sisemi kwamba hilo linamaliza jambo. Nasema tu kwamba mwandishi wa barua alijua anachokitamani kabla hajaniuliza.

Shida yako, kama nimekuelewa, ni zawadi iliyotolewa hadharani. Ingetolewa chemba ungeweza kuirekebisha kwa maneno mawili. Imetolewa mbele ya mawifi na vigelegele, kwa hiyo kuigusa unaona kama kumvua nguo mtoto mbele za watu. Hapo nakuelewa. Lakini una hakika kwamba alichokupa mwanao ni ile karatasi? Mimi nadhani alichotoa ni nauli na upendo, na karatasi ni kazi ya usiku mmoja kwenye kompyuta. Tena jiulize: nani hasa ana hamu ya kuiona Venice? Kijana anayepanga miji minane kwa wazazi wenye miaka 61 na 68, na yeye mwenyewe haendi, huenda amechora safari yake. Muulize, bila kumlaumu: "Mwanangu, kati ya hii miji, wewe ungependa kuanzia wapi?" Jibu lake linaweza kukupa mwanya wa kumweleza la kwako.

Tuihesabu karatasi kidogo, wewe ni mwalimu. Miji minane ni kuhama mara saba. Hoteli nyingi hutaka chumba kiachwe saa nne au saa tano asubuhi, na hukupokea kuanzia saa tisa alasiri. Katikati hapo uko na begi: stesheni, ngazi, treni, ngazi tena. Kila uhamisho unakula nusu siku, kwa hiyo mara saba ni siku tatu na nusu kati ya 13 za kubeba mizigo. Na ile siku moja ya Zurich ina fedha yake, maana Uswisi inatumia faranga, si euro. Mimi safari yangu ya kwanza nilipanga miji minne kwa wiki moja. Ninachokikumbuka vizuri zaidi ni ngazi za stesheni.

Hata hivyo, usiitupe hoja ya kijana haraka. "Hutarudi tena" ni neno zito, na linaweza kuwa kweli. Wapo watu wa umri wako wanaopenda mbio hizo, wanarudi wamechoka na wamefurahi. Ukiichagua karatasi kama ilivyo, utavuna picha na hadithi za miaka. Gharama yake ni goti, na siku tatu tu na mdogo wako baada ya miaka yote hii, tena zikiwa za mwisho, ukiwa hoi.

Upande wa pili ni kukaa Munich siku zote na kutoka asubuhi, kurudi jioni. Salzburg, nchi nyingine kabisa, Austria, ni chini ya saa mbili kwa treni. Na theluji yako, Mwalimu, haihitaji Desemba. Kuna mlima unaitwa Zugspitze, mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962. Kwa kipimo cha nyumbani, kwenye vituo vya njia ya kupanda Kilimanjaro, ni juu kidogo ya Mandara na chini sana ya Horombo. Kutoka Munich unapanda treni hadi Garmisch-Partenkirchen, saa moja na nusu hivi, kisha treni ya meno inakupandisha, au unaingia kibanda cha kamba kutoka ziwa Eibsee kinachofika kileleni kwa dakika kumi. Mwanzoni mwa Juni huko juu kwa kawaida bado kuna theluji. Hakuna kupanda kwa goti. Tiketi yake si ya bei nafuu, na mwenye presha amuulize daktari kwanza, kwa sababu mwili unapandishwa ghafla bila ile polepole ya waongozaji wetu.

Lakini kukaa kwa ndugu siku 13 nako kuna miiba yake. Wewe unamkumbuka binti wa 2017, yeye sasa ana nyumba yenye taratibu za mume wake. Je, wana chumba cha wageni, au watalala sebuleni wawapishe? Wanakwenda kazini? Huko maduka hufungwa Jumapili, na kwa Mjerumani wa kawaida mgeni huaga kwa tarehe inayojulikana. Muulize mdogo wako peke yake, shemeji akiwa hayupo: "Siku ngapi zinakutosha bila kuchoka?" Akisema saba, usinune. Siku zilizobaki mnaweza kupanga chumba mtaa wa jirani, au kuongeza kituo kimoja tu. Kuna treni za moja kwa moja kutoka Munich hadi Verona, Italia, zinazokatiza milima kwa njia ya Brenner, saa tano na ushee umekaa dirishani. Siku tatu huko, mnarudi Munich. Hiyo ingekuwa nchi mbili na begi kufunguliwa mara tatu. Kijana angeona sehemu ya ndoto yake imebaki.

Lolote mtakalochagua, kuna mambo ya viza ambayo mwanao ameyashika upande usio sahihi, na haya msiyaache. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Nchi ya kutua hutazamwa pale tu siku zinapolingana. Sasa hesabu tena karatasi, lakini kwa nchi, si kwa miji: Uholanzi siku 2, Ufaransa 2, Ujerumani 3, na Italia, ukijumlisha Milan, Venice na Roma, siku 4. Kwa hiyo karatasi ya sasa inakwenda kwa Waitaliano, na mkihamia mpango wa Munich inakwenda kwa Wajerumani. Waholanzi hawamo. London nayo ni viza nyingine kabisa, kwani Uingereza haimo katika nchi 29 za Schengen.

Milioni 15 za ghafla usizikubali. Ofisa anasoma taarifa ya benki ya miezi kadhaa, anaona pensheni inaingia kidogokidogo, halafu puu, mlima wa fedha wiki moja kabla ya maombi. Hapo ndipo maswali huanza. Njia nyeupe ni mwanao aandike barua kwamba yeye ndiye mlipaji, aambatanishe taarifa yake ya benki na ya kazi. Au mdogo wako asaini hati ya dhamana kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, ada ni euro 29. Ila mwambie aisome na mumewe. Hati hiyo si karatasi ya heshima: mkiugua au mkikwama na serikali ikalipa, deni linaweza kumfuata aliyesaini. Kwa familia yenye kumbukumbu ya mahari, ni vizuri shemeji asaini akijua.

Mengine nayapitia haraka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe siku 15. Kwa kawaida jibu ni siku 15, lakini linaweza kufika 45, kwa hiyo Juni si mbali. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi mkinyimwa, basi tiketi iwe ya kushikilia tu hadi viza itoke. Pasipoti ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na umri wa mzee utajwe wazi wakati wa kuinunua. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA mnaweza kupitia Amsterdam, Doha au Istanbul. Mkipitia Amsterdam, ukaguzi wa kuingia Schengen mnaufanyia huko, mkiwa na ndege nyingine ya kuwahi, na tangu Oktoba 2025 wameanza kuchukua alama za vidole na picha mpakani, kwa hiyo foleni si ya mchezo. Mkipitia Doha au Istanbul, foleni hiyo mtaipanga Munich, na mdogo wako yuko nje ya mlango. Jambo moja la kukufurahisha: Juni saa za Munich ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, mwili hautasumbuka. Jua ndilo litakalokushangaza, linazama saa tatu na robo usiku.

Sasa mume wako. Hapa nakwenda kwa adabu, kwa sababu simjui na wewe umelala naye nyumba moja miaka mingi. Umeandika kwamba anaogopa ndege, au ana kinyongo na shemeji. Inawezekana. Lakini soma tena ulichoandika: hataki basi kwa sababu halisimami njiani, haendi misibani mbali, na usiku anafungua mlango mara tatu, mara nne. Same na Dar hakuna ndege wala Mjerumani. Je, umewahi kujiuliza kama anachokiogopa ni kukosa choo kwa wakati? Wanaume wengi wa umri wake husumbuliwa na mkojo, kutokana na tezi dume kuwa kubwa au hata sukari, na wengi wangekubali kuitwa waoga wa ndege kuliko kulisema hilo mezani. Mimi si daktari na sitaki kumpachika ugonjwa. Nasema tu kuna swali ambalo bado hajaulizwa. Huenda likamfikia vizuri zaidi mkiwa shambani, mikono ina kazi na macho yanaangalia pengine, kuliko chumbani usiku. "Baba, kulala kwako siku hizi kunanipa wasiwasi, twende tukapime pamoja na mimi nipime presha." Hospitalini mkienda wawili, hakuna anayeaibika.

Kwa nini nalirefusha hili? Kwa sababu kabla ya Ulaya kuna safari ya Dar, na kwa viza ya kwanza alama za vidole huchukuliwa mhusika akiwa mwenyewe. Kama hawezi basi la Moshi hadi Dar, karatasi ya miji minane haina maana kwake, lakini ndege ya KIA hadi Dar inaweza kuwa na maana, pamoja na kiti cha kando ya njia, na mpango ambao choo kiko karibu. Treni za mbali za huko zina vyoo ndani. Stesheni nyingi zina vya kulipia, euro moja hivi, basi awe na sarafu mfukoni. Na kama baada ya yote atasema bado anabaki na kuku wake, hilo nalo ni jibu la mtu mzima. Unaweza kwenda peke yako, au na binti yako mmoja, bila kumgeuza kuwa mwoga wa familia. Hatari yake unaijua: utakuwa unakula chakula kizuri huku roho iko Kiboriloni. Wewe tu ndiye unayeweza kupima kama utalivumilia hilo.

Kuhusu yule wa kikoba. Tangu Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, Wazungu wanasafiri kuja Moshi kwa ajili ya mlima mmoja. Wanakaa wiki, wanapanda, wanashuka, wengi wanarudi kwao bila kuona Iringa wala Tabora. Hujawahi kumsikia mtu wa Kiboriloni akiwaambia wamepoteza nauli.

Mwanao utamwambia nini, hilo sitakuandikia. Ila nina shaka na wazo lako kwamba kuna njia mbili tu, kusema ukweli au kunyamaza. Unaweza kumwomba mketi na karatasi ile kwa kalamu, hesabu ya viza ikiwa kisingizio kizuri cha kuifungua upya, maana kwa kweli lazima ifunguliwe. Mpe kazi anayoiweza: tiketi, bima, na kukutafutia treni ya Garmisch. Anaweza kuumia kidogo. Anaweza pia kushusha pumzi, kwa sababu kuwaongoza wazee kwa simu katika miji minane si kazi ndogo, na sidhani kama hajaliwaza.

Swali lako dogo si dogo. Mshare zinaruhusiwa: ndizi ni miongoni mwa matunda machache, pamoja na nanasi, nazi, tende na duriani, yanayoingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea. Asali pia, hadi kilo 2. Nyama ya kukausha iache kabisa, hata ikifungwa vipi. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mzigo wa abiria, watakunyang'anya, na unaweza kupigwa faini. Nyama ya mtori mtanunua huko. Mshare chagua zilizokomaa lakini mbichi kabisa, uzifunge kwa majani makavu ya mgomba ndani ya begi gumu, na upime uzito kabla ya kufika KIA.